Aggrey wa Achimota: Maisha ya Mwalimu Aliyesimama Katikati

Shule haiendeshwi na Mwalimu Mkuu peke yake. Kila mwanachuo aliyekwisha kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha analijua jambo hili, hata kama hajapata kulisema. Mwalimu Mkuu yumo ofisini na barua zake, ama yuko wilayani mkutanoni; watoto wamo madarasani; na baina yao yuko Mwalimu Mkuu Msaidizi, yuko mwalimu wa taaluma anayepitia maandalio ya masomo, yuko mwalimu wa nidhamu, yuko mwalimu wa zamu, na yuko yule mwalimu mkongwe asiyekuwa na cheo chochote ila kila mwalimu mgeni hupelekwa kwake akafundwe kazi. Hao ndio viongozi wa ngazi ya kati. Habari zao huandikwa kwa uchache, kwa kuwa historia hupenda kuwataja waanzilishi na wakuu, nao walioibeba kazi mabegani huachwa wapite kimya kimya.

Kwa sababu hiyo yafaa kuyatazama maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye, ukitoa muda mfupi wa ujana wake, kazi yake yote ya ualimu aliifanya chini ya mkubwa mwingine. Jina lake ni James Emman Kwegyir Aggrey. Wengi wetu tumelisikia jina hilo kwa sababu ya ile hadithi ya tai aliyelelewa pamoja na kuku hata akajisahau kuwa yeye ni tai, hadithi ambayo Aggrey aliisimulia mara nyingi na ambayo imesimuliwa tena na walimu wa Afrika vizazi kwa vizazi. Lakini mwenye hadithi anajulikana kwa uchache kuliko hadithi yenyewe, na ni vichache zaidi vinavyojulikana juu ya namna alivyofanya kazi akiwa msaidizi.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast na ambayo leo ni Ghana. Anomabu ni mji wa wavuvi wenye ngome ya kale iliyojengwa zamani za biashara ya watumwa. Watu wake ni Wafante, nao ni tawi la taifa kubwa la Waakan. Mama yake aliitwa Abna Andua. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa na kazi katika baraza la mtemi wa mji, na kazi hiyo inatupasa kuieleza kwa kituo, maana ndani yake mna ufunguo wa maisha yote ya mwanawe.

Katika mabaraza ya Waakan mtemi hasemi na watu ana kwa ana. Huzungumza kwa sauti ya chini, na pembeni yake hukaa mtu mwenye fimbo ya cheo, aitwaye okyeame, ambaye hulipokea neno la mtemi na kulitoa mbele ya watu. Vivyo hivyo, mtu mwenye shauri au malalamiko humweleza okyeame, naye akalifikisha kwa mtemi. Anayo ruhusa ya kulipamba neno, kulipunguza ukali, kulitafutia methali iliyo laini. Hana ruhusa ya kuligeuza. Akiligeuza, mtemi atatawala kwa habari za uongo na watu watatii amri ambayo haikutolewa. Sisi wa pwani ya mashariki tunaye mshenga, ambaye kazi yake yafanana kidogo na hiyo: huenda na kurudi baina ya nyumba mbili, na nyumba zote mbili humhitaji na kumshuku kwa pamoja. Kodwo Kwegyir alikuwa okyeame. Mtoto Aggrey alikulia katika nyumba ambamo riziki ilipatikana kwa kulichukua neno la mtu bila kuliharibu.

Alibatizwa mwaka 1883, akapewa jina la James, akasoma katika shule ya Wamethodisti huko Cape Coast. Alikuwa na akili nyepesi na hamu ya vitabu isiyoshiba. Akiwa na umri wa miaka kama 15 hivi, wamisionari walimtuma Abura Dunkwa, kijiji cha bara kidogo, akafundishe. Tufikirie jambo hili: kijana ambaye hajaota ndevu, peke yake mbele ya darasa, bila mwalimu mkongwe wa kumwonyesha namna ya kuligawanya somo au kumtuliza mtoto mtundu, na siku ya Jumapili aongoze ibada. Haikuwa ajabu kwa wakati ule, wala haikuwa ajabu huku kwetu hadi miaka mingi baadaye. Shule za vijijini za Afrika zilijengwa na vijana wa namna hiyo waliotupwa majini wakajifunza kuogelea. Wengine walizama, na hesabu yao haikuandikwa popote.

Yeye hakuzama. Alirudi Cape Coast kuwa mwalimu msaidizi, akafaulu mitihani yake ya ualimu, na kabla ya kutimiza miaka 23 alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa shule ile ile ya Wamethodisti. Wakati huo huo alishiriki kazi ya kanisa ya uchapaji na tafsiri, na alisaidia katika gazeti la kanisa lililokuwa mbele katika shauri zito la siku zile. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilileta muswada wa ardhi ambao wananchi waliuona kuwa ni njia ya kuwanyang'anya mashamba ya wazee wao. Watu wa Cape Coast wakaunda chama cha kutetea haki za wenyeji, na kijana Aggrey akawa miongoni mwa waliokitumikia kwa kalamu. Muswada ule uliondolewa. Basi asidhani mtu kwamba upole wa Aggrey wa baadaye, ambao tutauzungumza, ulitoka kwa mtu asiyejua kupinga. Alijua, na alipata kuona kupinga kukishinda.

Tarehe 10 Julai 1898 aliondoka kwenda Marekani. Askofu John Bryan Small wa Kanisa la African Methodist Episcopal Zion, kanisa la watu weusi wa Marekani, alikuwa akitafuta vijana wa Kiafrika wa kusomeshwa katika Chuo cha Livingstone mjini Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilipewa jina la David Livingstone, yule yule ambaye habari zake zinajulikana sana Ujiji na Bagamoyo. Kilianzishwa na watu ambao wengi wao wazazi wao walikuwa watumwa, kwa hiyo kilikuwa na heshima kubwa na fedha kidogo. Aggrey alihitimu mwaka 1902 kwa sifa, na mara alibakizwa kufundisha.

Hapo ndipo ilipoanza miaka yake ya katikati, na ni mingi: tangu 1902 hadi 1920, bila kupanda. Alifundisha lugha za kale na Kiingereza na masomo mengine kadiri chuo kilivyokuwa na upungufu wa walimu. Kwa muda alikuwa mwandikishaji wa wanafunzi na katibu wa fedha wa chuo. Wakuu wa chuo walibadilika, yeye akabaki katika nafasi zile zile za chini yao. Mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass, binti wa Portsmouth, Virginia, wakapata watoto wanne, na familia hiyo iliishi kwa mshahara wa chuo maskini.

Mwanachuo asizipuuze kazi hizo mbili za uandikishaji na fedha kwa kuziona ni kazi za karani. Ajuaye shule anajua kwamba maadili ya kiongozi wa ngazi ya kati hupimwa hapo kwanza. Mwandikishaji ndiye anayejua nani amefaulu na nani hakufaulu kabla ya mkuu kujua. Mwenye kushika fedha ndiye anayejua mtoto yupi amelipa nusu, na ndiye anayeombwa na rafiki yake amvumilie. Mtu anaweza kuwa mwalimu hodari mbele ya ubao na akashindwa na rejesta. Aggrey aliaminiwa na vitu vyote viwili miaka mingi, katika chuo ambamo kila dola ilikuwa na maana.

Tangu mwaka 1914 aliongezewa mzigo mwingine, au tuseme alijiongezea. Alikabidhiwa makanisa mawili madogo ya shamba nje ya mji wa Salisbury, Miller's Chapel na Sandy Ridge. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, wengi wao wakilima ardhi ya watu wengine na kuishi katika madeni yasiyokwisha. Profesa wa lugha za kale alikwenda kwao akazungumza nao habari za mbolea, za kuweka akiba pamoja, za kununua shamba hata kama ni dogo, na za kuwapeleka watoto shuleni hata wakati wa mavuno. Mtu wa cheo chake angeweza kuitazama kazi hiyo kuwa ni kushuka. Kwa maoni yangu ndiyo iliyomfunza ualimu kuliko darasa lolote, kwa kuwa huwezi kumwelekeza mtu mzima ambaye humjui anakula nini.

Na yeye mwenyewe hakuacha kujifunza. Wakati wa likizo za kiangazi alisafiri hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akasomea elimu, elimu-jamii na saikolojia, akikaa dawati moja na vijana waliokuwa na umri wa wanafunzi wake. Alikuwa bado akisoma huko alipokufa. Ni jambo la kutazamwa na kila mwalimu mkongwe anayepewa vijana awalee. Mlezi aliyeacha kujifunza huwafundisha vijana namna shule ilivyokuwa zamani zake, basi.

Mwaka 1920 Shirika la Phelps-Stokes la Marekani liliunda tume ya kuchunguza elimu katika Afrika, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones. Aggrey alichaguliwa kuwa mjumbe, Mwafrika pekee katika tume. Walizunguka nchi za Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Alikuwa hajaiona Gold Coast kwa miaka 22. Hapo tena akawa okyeame, safari hii kati ya mataifa: Wazungu wa tume walimhitaji awafungulie milango ya Waafrika, nao Waafrika walimhitaji ayafikishe maneno yao kwa watu wenye kalamu na fedha. Lagos alihutubia watu, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana aitwaye Nnamdi Azikiwe, ambaye tangu siku hiyo alitia nia ya kwenda kusoma Marekani, akaenda mwaka 1925, na baadaye akawa Rais wa kwanza wa Nigeria.

Afrika ya Kusini alikutana na ubaguzi waziwazi. Mjumbe wa tume iliyopokelewa na magavana alikuta milango imefungwa mbele yake kwa sababu ya rangi ya ngozi, katika hoteli na katika safari, hali wenzake wakiingia. Alivumilia, akaendelea na mikutano, na alipopata nafasi ya kuzungumza na Wazungu alizungumza nao kwa kicheko na kwa mifano badala ya kuwakaripia. Mmojawapo wa mifano hiyo ni ule wa kinanda: wimbo fulani waweza kupigwa kwa vibao vyeupe tu, na mwingine kwa vyeusi tu, lakini mwenye kutaka wimbo uliokamilika hana budi kuvipiga vyote. Baada ya ziara ile, mnamo mwaka 1921, yalianza kuundwa huko mabaraza ya pamoja ya Wazungu na Waafrika. Hayakuuzuia ubaguzi usije ukawa sheria ya nchi. Hata hivyo yalikuwapo mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Tume ya pili ilikuja kwetu. Mwaka 1924 Aggrey alifika Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kisha akaendelea kusini. Waafrika wengi wa miji yetu hawakuwa wamepata kumwona mtu mweusi aliyesoma kiasi kile akikaa meza moja na wakuu wa serikali. Kleist Sykes wa Dar es Salaam alieleza baadaye kwamba alikutana na Aggrey mwaka huo, na kwamba alishauriwa naye kuwaunganisha Waafrika katika chama. African Association iliundwa mjini humo mwaka 1929. Kwa walimu, hata hivyo, kilichodumu kutokana na tume ile ni jambo lisilo na shangwe nyingi, nalo lahusu moja kwa moja mada yetu.

Kusini mwa Marekani kulikuwa na utaratibu wa walimu waliolipwa kwa mfuko ulioanzishwa mwaka 1907 kwa fedha za mama mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes. Walimu hao hawakuwa wakuu wa shule wala wakaguzi. Walikwenda shule baada ya shule, wakaketi na mwalimu wa kijijini, wakamsaidia kazi za mikono, usafi, bustani na masomo, kisha wakaenda zao kwa mwingine. Wa kwanza kuajiriwa alikuwa mwanamke, Virginia Randolph, mwaka 1908. Tume iliuona utaratibu huo kuwa unafaa Afrika, na mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, chini ya James Dougall aliyekuwa katibu wa tume. Walimu wazoefu waliletwa Kabete pamoja na wake zao, wakafunzwa namna ya kuwasaidia wenzao, kisha wakarudishwa kuzunguka shule za vijiji.

Mwalimu wa Jeanes alikuwa na kazi ngumu, nami nadhani ugumu wake ni ule ule wa mwalimu wa taaluma au mratibu wa leo. Alikuwa Mwafrika aliyetumwa na wakubwa kuangalia kazi ya Waafrika wenzake. Akifika na daftari la kuandika makosa, mwalimu wa kijijini alifunga mlango wa moyo. Akifika na jembe na chaki akaanza kufanya pamoja naye, mlango ulifunguka. Lakini taarifa ilikuwa bado inangojewa mjini. Aandike nini? Akificha kwamba mwalimu fulani huja shuleni amelewa, amewasaliti watoto. Akiandika kila alichoambiwa kwa siri usiku penye moto, hatapokelewa tena katika kijiji chochote. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayomaliza tatizo hili. Kuna mazoea tu ambayo watu waaminifu wamejiwekea: kumwambia mwenyewe kwanza, uso kwa uso, kile utakachokiandika, na kutoandika juu ya mtu neno ambalo hukuthubutu kumwambia.

Turudi kwa Aggrey. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, alikuwa amekusudia kujenga chuo kikubwa huko Achimota, nje kidogo ya Accra, kitakachochukua mtoto tangu madarasa ya chini kabisa na kumpandisha hadi elimu ya juu, wavulana kwa wasichana. Mkuu wa chuo aliyechaguliwa ni Alexander Garden Fraser, kasisi aliyekuwa ameongoza Chuo cha Trinity huko Kandy, Ceylon, tangu 1904. Fraser alimtaka Aggrey awe pamoja naye tangu mwanzo. Mwaka 1924, mara baada ya kazi ya tume, Aggrey alifika Accra kushika cheo alichopewa: msaidizi wa makamu mkuu wa chuo.

Lisome tena jina la cheo hicho. Mtu wa miaka karibu 49, mwenye uzoefu wa miaka mingi katika chuo cha Marekani, aliyekwisha kuzunguka Afrika karibu yote, aliwekwa msaidizi wa makamu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza katika safu ile ya walimu, na watu wa nchi yake walilitazama jina la cheo wakasema yale ambayo watu husema. Yeye alilipokea. Tunaweza kusema kwamba alidhulumiwa, na ni kweli kwamba katika utaratibu wa kikoloni Mwafrika hakupewa kilele. Bali yampasa mwanachuo aone pia kile alichokifanya na nafasi ile finyu.

Majengo yalikuwa bado yanajengwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya Aggrey katika miaka hiyo haikuwa Achimota penyewe bali katika chuo cha ualimu cha serikali mjini Accra, ambacho kilikusudiwa kuunganishwa na chuo kipya, na katika safari za kuzunguka nchi kuzungumza na watemi na wazazi. Wananchi wengi walikishuku chuo. Walisikia kwamba watoto watafundishwa kilimo, kazi za mikono na lugha za kwao, wakauliza kama hii siyo hila ya kuwapa Waafrika elimu ya daraja la pili na kuwazuia wasifike walikofika mawakili na madaktari wa Cape Coast. Swali hilo halikuwa la kijinga. Liliulizwa Kenya vile vile, na lingeulizwa tena katika nchi nyingi. Aggrey alilichukua kwa uzito: mbele ya wazazi alieleza kwamba mtoto atapata vyote viwili, jembe na kitabu cha juu, na kwa wakubwa wake alisisitiza kwamba neno hilo lazima liwe kweli. Hapo tunauona wajibu wa okyeame ulivyo mzito kuliko unavyoonekana. Aliwapa wazazi ahadi ambayo hakuwa na mamlaka ya kuitimiza peke yake. Kila msaidizi mkuu aliyewahi kusimama mbele ya kamati ya wazazi, akaahidi kwa niaba ya mkubwa wake, anajua usingizi wa usiku ule ulivyo.

Jambo moja alilisukuma kwa nguvu kuliko mengine, nalo ni elimu ya wasichana. Achimota ilipokea wasichana pamoja na wavulana wakati ambapo wazazi wengi wa Afrika ya Magharibi, na walimu wengi pia, hawakuliona kuwa jambo la lazima. Wasichana wa Gold Coast walioingia Achimota katika miaka ile ya mwanzo wana deni kwake.

Miongoni mwa vijana wa chuo cha ualimu cha Accra alikuwamo Kwame Nkrumah, aliyekuja kutoka pwani ya magharibi kusomea ualimu wa shule za msingi. Nkrumah ameacha kumbukumbu za mwalimu wake: uchangamfu wake, bidii yake, kicheko chake kilichowaambukiza wote waliokuwa karibu. Amekiri kwamba hisia zake za utaifa ziliamshwa kwanza na Aggrey. Na katika pumzi ile ile amesema kwamba hakukubaliana naye. Aggrey aliamini kwamba mweusi na mweupe wapaswa kushirikiana; Nkrumah aliona kwamba ushirikiano wa kweli hauwezi kuwapo ila kati ya watu walio sawa, na kwamba usawa huo hauletwi na kinanda bali na watu kujitawala wenyewe.

Kwangu mimi ushahidi huu ni mkubwa kuliko sifa zote alizopewa Aggrey na magavana. Mlezi alimlea kijana hata kijana akaweza kumpinga, na mapenzi baina yao hayakufa. Tunao walezi wengi katika shule zetu ambao hupenda vijana wanaowaiga sauti na mwandiko, nao humwita mtovu wa adabu yule anayeuliza kwa nini.

Wala Nkrumah hakuwa mpinzani peke yake. W.E.B. Du Bois, mwanachuoni mashuhuri wa watu weusi wa Marekani, aliishambulia siasa ya elimu ya Phelps-Stokes kuwa ni ya kuwaandalia Waafrika utii. Wafuasi wa Marcus Garvey walimwona Aggrey kuwa chombo cha Wazungu. Na hata msomaji wa leo, akikumbuka kwamba mwaka ule wa 1924 Harry Thuku wa Kenya alikuwa uhamishoni bila kuhukumiwa, ana haki ya kuuliza kama maneno laini yalitosha. Sidhani kwamba yalitosha. Nadhani kwamba Aggrey alichagua kufanya kazi ambayo mtu mwenye maneno makali asingeruhusiwa kuifanya, na kwamba alilipa gharama yake: upande mmoja ulimsifu kwa sababu hakuwatisha, upande wa pili ukamshuku kwa sababu ya sifa hizo hizo. Msaidizi anayesifiwa mno na mkuu wake mbele ya walimu wenzake anaijua hali hiyo.

Gharama nyingine ililipwa nyumbani. Mkewe na watoto waliishi zaidi Salisbury hali yeye yuko ng'ambo ya bahari. Mtoto wake wa mwisho, Rudolph, alizaliwa huko Julai 1926, akapewa pia jina la Guggisberg. Akaja kuwa balozi wa Marekani nchini Senegal na Romania. Baba yake hakupata nafasi ya kumlea.

Chuo cha Achimota kilifunguliwa rasmi Januari 1927, na katika ngao yake viliwekwa vibao vya kinanda, vyeusi na vyeupe. Miezi michache baadaye Aggrey alichukua likizo, akaenda New York kumalizia tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliugua ghafla ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo, akafa tarehe 30 Julai 1927 katika hospitali ya Harlem, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury. Katika majengo yale mapya yaliyozinduliwa kwa sherehe alikuwa amefanya kazi kwa muda usiotimia hata nusu mwaka.

Habari ilipofika Accra, Nkrumah alishindwa kula kwa siku tatu, kama alivyoeleza mwenyewe. Wanafunzi wa ualimu waliunda chama cha mijadala wakakipa jina la Aggrey, na humo Nkrumah alijifunza kusimama mbele ya watu na kutetea hoja, hata ile ambayo haikuwa yake. Mwaka 1930 alimaliza masomo. Alipelekwa Elmina, mji wa pwani usio mbali na Cape Coast, kufundisha darasa la watoto wadogo.